Fundi Aliyekata Plasta Yake

Siku tuliyomzika shemeji yangu, mtu mmoja aliyesimama nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba marehemu alikuwa fundi mzuri kabla pombe haijamharibu. Sikugeuka. Mwanamke wa umri wangu hageuki makaburini kubishana na mtu. Lakini nilisikia, na tangu siku hiyo sijakaa sawa. Shemeji yangu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Kilichomwondoa kwenye kuta ni kifundo cha mkono wake wa kushoto. Nitaeleza kilivyoharibika, mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile sehemu ambayo yeye mwenyewe angeinamisha kichwa nikiisimulia.

Alikuwa mdogo wake mume wangu, kitinda mimba wa nyumba yao. Baba yao alikuwa fundi wa kupiga lipu, naye alipata kazi katika majengo makubwa kwa sababu kuta zake zilinyooka. Mume wangu alipelekwa shule, akawa mwalimu kama mimi. Mdogo wake alibaki na mwiko. Hakuna aliyeona kwamba mmoja amepata zaidi ya mwenzake. Mume wangu alikuwa akisema mbele ya walimu wenzake, bila kuulizwa, "Mimi nasahihisha madaftari, mdogo wangu anasahihisha nyumba." Mjini walimwita Kioo, kwa jinsi kuta zake zilivyokuwa laini. Jina hilo alilipenda, ingawa alijifanya halisikii.

Mafundi wengi wa lipu huchota saruji kwenye karai lililo chini. Wanainama, wanachota, wanainuka, wanarusha ukutani. Baba yao aliwafundisha wanawe njia nyingine. Aliwatengenezea kibao, yaani ubao wa mraba wenye mpini mfupi katikati, upande wa chini. Saruji inarundikwa juu ya kibao, na fundi anakibeba kwa mkono wa kushoto kama mhudumu anavyobeba sinia, kiganja kikitazama juu. Mkono wa kulia unachukua kidogo kidogo kwa mwiko na kupaka. Fundi hainami hovyo, wala saruji haimwagiki, na ukuta unapanda bila kukatika. Kioo alikuwa akisema mkono wake wa kulia ni kibarua tu, msimamizi ni wa kushoto.

Ukuta ukikauka, baba yao alikuwa na desturi ya kuukagua jioni. Aliiweka taa karibu kabisa na ukuta, upande, mwanga ukauparuza. Bonde dogo ambalo mchana hulioni linatoa kivuli. Kioo aliirithi desturi hiyo. Alibeba taa yake ya mkono kila mahali alipofanya kazi, na kama kivuli kilitokea, alibomoa na kuanza upya, hata mwenye nyumba akisema ameridhika.

Mume wangu alikuwa ameshafariki Kioo alipoanguka, akipiga lipu ukumbi wa shule moja. Ubao wa jukwaa aliokuwa amesimama juu yake uliteleza. Waliokuwapo walisema angekiachia kibao angeshuka kwa miguu na mambo yangeishia hapo. Hakukiachia. Alitua juu ya mkono wa kushoto huku amekishika, na mkono ukajipinda chini yake. Nilipofika hospitali nilimkuta amekaa kwenye benchi, mkono umevimba kama andazi, na uso umemkauka.

"Shemeji," nikamwuliza, "kwa nini hukukiachia?"

"Saruji ilikuwa imekorogwa vizuri, shemeji."

Mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo, una mifupa miwili. Ule wa upande wa kidole gumba ulikuwa umevunjika, karibu na kifundo. Daktari wa mifupa alimpasua, akaushika mfupa kwa kipande cha chuma na skrubu. Kisha akaagiza afungwe plasta ndefu, kuanzia vidoleni, ipite kiwiko, hadi karibu na kwapa, kiwiko kimepindwa na kiganja kimegeuzwa juu. Aliyeifunga alikuwa kijana wa chumba cha plasta, mpole, mwembamba, aliyekuwa bado anajifunza kazi. Tulizoea kumwita Mfungaji. Alimwambia shemeji, nami nikisikia, "Mzee, hii isiguswe, na kiganja kisigeuke." Hakusema kwa nini. Nasi hatukuuliza, kwa sababu mfupa uliovunjika tulikuwa tumeshauona kwenye picha, na chuma kilikuwa kimeshaushika.

Plasta ile ilimtesa Kioo kwa namna mbili. Kwanza, ilikuwa mbaya. Ilikuwa na mabonde na vinundu, na ukingo wake ulikuwa kama umetafunwa. Fundi wa lipu mwenye kazi ya namna hiyo mkononi mwake hapati usingizi. Pili ni kile kiganja. Popote alipokwenda, mkono ulimtangulia, umepinda, umekingwa mbele ya watu.

Mama wa duka la jirani, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo, alimwona wa kwanza.

"Kioo! Leo unaomba nini?"

"Naomba unyamaze."

"Hilo sina. Chukua hii." Akamwekea peremende kiganjani. Waliokuwa kibarazani wakacheka, na yeye, kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa umeshika mfuko wa mkate, hakuweza hata kuitoa. Alikuja nayo mpaka nyumbani kwangu, akasimama mlangoni.

"Nitolee hii, shemeji, kabla sijawekewa nyingine."

Niliitoa. Nikampa na mtandio wangu wa rangi ya kijivu awe anaufunika mkono akitoka.

Lililotokea baadaye sisi wa nyumbani hatukulijua wakati ule, lakini nalieleza hapa mahali pake. Siku moja alikwenda hospitali kuangaliwa. Wakampiga picha, wakamwambia mfupa unaunga vizuri, aendelee na plasta hadi tarehe waliyompangia. Alipotoka akapitia ule ukumbi wa shule, ambako wenzake walikuwa wamefikia dari. Akaazima msumeno mdogo wa kukatia chuma. Akaikata plasta juu ya kiwiko, akaitupa sehemu ile yote. Akachonga pale kifundoni palipokuwa panamkwaruza. Akaugeuza mkono ukatazama chini, kama mikono ya watu wengine. Halafu akakoroga jasi, ule unga mweupe wa kupambia dari, ambao ndio huo huo hospitali wanautumia kwenye bandeji zao. Akajipaka kwa mwiko mwembamba, akalainisha kwa sifongo, akakaa juani ikakauka.

Alirudi na mkono mweupe, mfupi, laini kama yai.

"Wamekubadilishia?" nikamwuliza.

"Si unaona."

Niliona, na nilifurahi. Sote tulifurahi. Binti yangu alichora ua juu yake kwa kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke Kioo alikula akiwa amekaa mezani pamoja nasi.

Siku ya kuifungua, Mfungaji alikuwa zamu nyingine. Mhudumu aliyeikata aliigeuza geuza kwanza.

"Hii nani alikufunga? Kwetu hapa hatufungi safi namna hii."

"Fundi mmoja."

"Mwambie aje atufundishe."

Picha ilipigwa tena, mfupa ulikuwa umeunga, akaambiwa amepona. Hakuna aliyekigeuza kile kiganja.

Kule kazini msimamizi wa ujenzi alimpima kwa kipimo wanachokijua wao. Aliliweka karai limejaa saruji, akamwambia alinyanyue kwa mkono mgonjwa. Kioo alilinyanyua, kiganja kikiwa chini, akalizungusha chumba kizima. Mafundi wakampigia makofi. Kisha akachukua kibao.

Mkono ulipanda nusu, ukagoma. Ilikuwa kama mlango uliofika mwisho wake. Kibao kililala upande, saruji ikateleza ikamwangukia viatuni. Akajaribu tena kwa nguvu, maumivu yakamkata upande wa kidole kidogo, mkono ukatetemeka, saruji ikaanguka tena. Walicheka, wakadhani anaigiza. Siku iliyofuata hawakucheka. Baada ya hapo msimamizi akaanza kumpa kazi za kupaka kingo za madirisha, na hatimaye akaacha kumwita.

Hakutuambia lolote. Alijifunga kitambaa kifundoni na kutoka kila asubuhi na mfuko wake wa vifaa kama mtu anayekwenda kazini. Aliyegundua ni binti yangu. Tulikuwa tunanawa kabla ya kula, yeye ndiye aliyekuwa akimimina maji.

"Baba mdogo, kinga mikono yote miwili."

"Mmoja unatosha. Sili kwa miwili."

"Hebu." Akamshika mkono wa kushoto, akakifungua kitambaa. Upande wa kidole kidogo, juu ya kifundo, mfupa ulikuwa umechomoza kama kifungo cha koti. Akaubonyeza kwa kidole. Ukazama, akauachia, ukarudi juu.

"Mama, njoo uone! Unabonyea kama kengele ya mlango!"

"Acha kubonyeza," Kioo akasema, jasho limemtoka. "Hakuna mtu nyumbani."

Sote tulicheka, naye akacheka. Nilipomtazama macho, hayakuwa yanacheka.

Wiki hiyo hiyo mama wa duka aliniegemea kwa siri ambayo kibaraza kizima kiliisikia. "Mwalimu, mimi sisemi kitu. Ila shemeji yako siku hizi mikono inamtetemeka, saruji inamwanguka. Mume wa dada yangu alianza hivyo hivyo. Chupa ilikuwa chini ya kitanda."

Nilimwambia kwamba chini ya kitanda cha shemeji yangu kuna viatu. Lakini nilijua neno hilo lilikuwa limeshafika mbali kuliko jibu langu. Ukoo wa mume wangu haukuwa na mali. Ulikuwa na jina tu, na jina lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye kuta za mji mzima. Nilivaa gauni langu la mikutano, nikamchukua Kioo, tukaenda hospitali. Nilitaka mtu mwenye koti jeupe aseme kwa kinywa chake kwamba mkono huu ni mgonjwa, na aseme ni nani aliyeuharibu.

Daktari wa mifupa alitupokea vizuri. Aliubonyeza ule mfupa, akajaribu kukigeuza kiganja, akaagiza picha nyingine, safari hii ikiwa na kifundo chote. Aliporudi nayo alikuwa amekunja uso.

"Mfupa uliovunjika umepona," akasema. "Tatizo liko hapa. Hii mifupa miwili imefungwa pamoja kifundoni kwa kano. Mmoja ukivunjika na kusogea, kano zinachanika. Hazionekani kwenye picha, ndiyo maana watu wanazisahau. Nilipokupasua niliona zimelegea, nikaagiza plasta ipite kiwiko, kiganja juu, mifupa itulie sambamba mpaka kano zishike. Hazikushika. Mfupa huu wa pili sasa unaelea."

"Kwa hiyo ukuta ni mzima," Kioo akasema polepole, "ila bawaba za mlango zimeng'oka."

"Ndivyo. Plasta iliishia wapi?"

"Chini ya kiwiko," nikajibu mimi.

Daktari aliinuka. Kisha akafungua mlango na kumwita Mfungaji.

Kijana aliingia akiwa bado na jasi mikononi. Daktari alimwuliza kwa nini mgonjwa aliyeagizwa plasta ndefu alifungwa fupi. Alisema alifunga ndefu. Daktari akasema huyu mama ni mwalimu, ameiona kwa macho yake, na kwamba si mara ya kwanza kazi yake kulalamikiwa. "Safari hii sikutetei. Vua hilo koti, twende kwa mganga mkuu."

Nami nikaongeza, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba familia itataka ielezwe wazi, mbele ya watu, kuwa shemeji yangu ameharibiwa mkono na hospitali.

Mfungaji alimgeukia Kioo. "Mzee, nilikufunga mpaka huku juu. Nikakwambia isiguswe, na kiganja kisigeuke. Kama sikukwambia, sema tu, mbele yao."

Kioo alikuwa ameutazama mkono wake muda wote. Yote niliyoyajia pale yalikuwa yamekwisha kupatikana. Ilibaki yeye anyamaze tu.

"Uliniambia," akasema. "Niliikata mwenyewe."

"Shemeji," nikamwambia, "fikiri kwanza unachosema."

"Nimeshafikiri, shemeji. Tangu ulipofungua mdomo nafikiri. Jina la kaka yangu siwezi kulisimamisha juu ya mgongo wa mtoto wa watu."

Daktari akauliza, kama haamini, "Uliikata kwa nini?"

"Ilikuwa na mabonde."

Halafu Mfungaji, ambaye machozi yalikuwa yameshamlenga, alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, akajiziba mdomo kwa mkono wenye jasi, akabaki na masharubu meupe. Daktari hakucheka. Alisema kano zikishakaa muda mrefu zimechanika hazirudi zilivyokuwa. Anaweza kumpasua tena na kuzijenga upya, maumivu yakapungua na mfupa ukatulia, lakini kiganja kugeuka juu kabisa asitegemee. Alisema pia kwamba yeyote aliyeifungua ile plasta fupi alipaswa kuuliza, na kwamba hilo atalishughulikia. Nilimheshimu kwa hilo.

Tulirudi hadi kwenye kona ya duka.

"Umenikasirikia?" akaniuliza.

"Nimekasirika. Ila ungenyamaza, leo ningekuwa namwonea haya marehemu kaka yako."

Akaniacha hapo hapo, akaenda moja kwa moja kibarazani kwa mama wa duka, akasimulia mwenyewe, kwa sauti, kuanzia msumeno mpaka sifongo. Kicheko kilisikika hadi barabarani. Kuanzia siku hiyo jina la Kioo likafifia, wakamwita Daktari. "Daktari, nina jino, niletee msumeno!" Lilinichoma kila nilipolisikia. Yeye alilivumilia, akisema afadhali wacheke kwa alichokifanya kuliko kwa asichokifanya. Hata hivyo wapo walioona habari ya pombe ni tamu zaidi, wakaendelea nayo, na hao ndio waliozaa ule mnong'ono wa makaburini.

Alipasuliwa mara ya pili. Maumivu yalipungua. Kiganja kilipanda mpaka akaweza kushika kikombe bila kumwaga, kikakomea hapo. Msimamizi wa ujenzi alikuja kumwambia arudi, apige lipu kwa karai kama mafundi wengine. Alijaribu. Kuta zilitoka sawa na za watu wengine, na hilo ndilo lililomshinda. Siku moja alisafisha kibao cha baba yake, akakitundika kwangu kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na hakurudi tena kazini. Aliuza rangi na misumari kwenye duka la vifaa, akiwaelekeza wateja kwa mkono wa kulia.

Ukuta mmoja tu aliupiga baada ya hapo. Ukuta wa ukumbi wangu wa kuingilia ulikuwa umebanduka kwa unyevu, nikataka kumwita fundi.

"Fundi gani?" akasema. "Mimi nimekufa?"

Alikuja kila alipotoka dukani, akainama kwenye karai, akainuka, akapaka, akapumzika kwenye kiti changu, akainama tena. Sikumharakisha. Ulipokauka aliwasha taa yake jioni, akaisogeza ukutani. Nilikuwa jikoni, sikuona uso wake. Nilimsikia akiizima.

"Shemeji, hapa kwenye ukumbi usiweke taa upande huu. Weka katikati ya dari tu."

Nilifanya alivyotaka mpaka alipofariki.

Baada ya mazishi watu walikuja kunipa pole kwa siku kadhaa. Jioni moja alikuja Mfungaji. Amenenepa sasa, ana mvi, na ndiye mkuu wa kile chumba cha plasta. Alisimama ukumbini akivua viatu, akaniuliza kama ni kweli marehemu aliupiga ukuta ule kwa mkono ule. Nikamwambia ndiyo. Nikaenda chumbani, nikachukua taa ya mezani, nikaja nikaiweka juu ya meza ndogo, karibu kabisa na ukuta, nikaiwasha.

Kivuli kikatokea usawa wa bega, pale ambapo mtu anayeinuka kutoka kwenye karai mkono unamchoka. Lilikuwa bonde refu, jembamba, likienda hadi mlangoni. Mfungaji alilipitishia kiganja chake taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mabonde, mzee," akasema, akaegemeza paji la uso ukutani.

Taa ile sijaiondoa. Kila anayeingia kwangu jioni anauona ukuta ulivyo, na akiuliza ni kazi ya nani, namwambia.